Pikapu Iliyolalia Upande au Kuinamisha Pua: Mwongozo Kamili wa Kusawazisha Kimo

Pikapu ikilalia upande mmoja, kona inayoonekana kushuka mara nyingi siyo yenye ubovu. Chasisi ni fremu ngumu iliyokaa juu ya springi 4. Springi ya nyuma kulia ikichoka, chasisi nzima inalala kulia, na mbele kulia nako kunaonekana kumeshuka. Fundi anayekimbilia kuweka spesa (kipande cha kunyanyulia springi) mbele kulia atalinyoosha gari kwa macho tu. Uzito utakuwa umesukumwa kwenye kona mbili zinazokabiliana kimshazari, na gari litakaa kama meza yenye mguu mmoja mrefu: likipiga breki kwenye barabara ya maji linavuta upande, na tairi moja la mbele linaisha kabla ya mwenzake.

Kwa hiyo mita ya kupimia hutangulia spana.

Kipi ni kawaida

Pikapu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeinua mkia. Tofauti ya sentimita 2 hadi 5 kati ya mbele na nyuma gari likiwa tupu si kasoro, imewekwa makusudi ili likipakiwa likae sawa. Anayetaka pua ipande kwa ajili ya mwonekano au matairi makubwa anaweza kuipandisha, ila ajue kwamba anaitumia nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mzigo: gari lililosawazishwa likiwa tupu litakaa mkia chini likijazwa.

Kushoto na kulia ni habari nyingine. Tofauti ya hadi milimita 10 iache ilivyo. Ikiwa kati ya 10 na 15, tazama kwanza uzito uliobebwa upande mmoja: tangi la mafuta, betri ya pili, sanduku la vifaa, tairi la akiba lililohamishwa. Lita 80 za dizeli zina uzito wa takriban kilo 67, na kwenye magari mengi tangi limekaa upande mmoja wa chasisi. Ikizidi 15, kuna kitu kimechoka, kimevunjika au kimefungwa vibaya.

Kupima

Tafuta sakafu iliyonyooka kweli. Kama huna uhakika nayo, pima, kisha geuza gari lielekee upande wa pili palepale na upime tena. Upande ulioshuka ukibadilika, tatizo ni sakafu.

Jaza matairi upepo sawa kushoto na kulia, na hakikisha matairi ya ekseli moja ni ya saizi moja na yamechakaa kwa kiwango kimoja. Ondoa mzigo. Usipime gari likiwa limetoka kwenye jeki muda huohuo, kwa sababu magurudumu ya mbele yakishushwa hukwama yakiwa yamejikunja kwa ndani na kulishikilia gari juu. Lisukume mbele na nyuma mita chache, bonyeza kila kona mara 3 au 4 na uiache itulie yenyewe.

Pima wima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Usipime kutoka chini, maana hapo utakuwa unapima na tairi. Andika namba zote 4. Kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya chasisi, kwenye tundu au kona ile ile kila upande, mbele na nyuma. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa pesa: chasisi ikiwa sawa huku madigadi yakitofautiana, springi hazina kosa. Raba zinazobeba kebini au bodi la mizigo ndizo zimekufa, au gari liliwahi kugongwa na madigadi hayakurudi mahali pake.

Tuchukue mfano: mbele kushoto milimita 520, mbele kulia 498, nyuma kushoto 545, nyuma kulia 526. Gari limelalia kulia kwa milimita 22 mbele na 19 nyuma. Namba hizo mbili kukaribiana si ajabu, kwa kuwa chasisi haipindi kirahisi, ikilala upande inalala yote. Ndiyo maana vipimo vinakuonyesha kiasi cha kulala tu, si kama ubovu uko mbele au nyuma. Zikitofautiana sana, kwa mfano 22 mbele na 3 nyuma, rudi kwenye raba za kebini na bodi, kisha ipime chasisi kimshazari kwa kamba kutoka kona hadi kona uone kama imepinda.

Pima pia umbali wa kitovu cha mbele hadi kitovu cha nyuma, kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Tofauti ya zaidi ya milimita 10 inaelekeza kidole kwenye ekseli ya nyuma iliyohama. Senta boliti ya springi, ile inayoshika majani yake katikati na kuikalisha mahali pake kwenye ekseli, huenda imekatika.

Mbele au nyuma?

Fungua kwanza viungo vya stabilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisiyumbe) pande zote mbili. Stabilaiza iliyopinda, au iliyofungwa na kiungo kimoja kirefu kuliko kingine, inaweza yenyewe kulilaza gari. Gari likinyooka baada ya kuifungua, umeshapata jibu.

Lisiponyooka, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Weka jeki ya sakafuni chini ya ekseli ya nyuma, katikati kabisa kati ya magurudumu mawili. Usidanganyike na kichwa cha difu, lile bonge lenye gia kwenye ekseli, kwani kwenye magari mengine hakiko katikati. Inua hadi matairi ya nyuma yaachane kidogo tu na sakafu, na weka stendi mbili chini ya mabomba ya ekseli zikiwa na nafasi ya sentimita 3, ili zilidake gari jeki ikiteleza. Mtu asiingie chini.

Sasa ekseli ya nyuma inazunguka juu ya nukta moja na haina uwezo wa kulizuia gari lisilale. Springi za mbele peke yake ndizo zinazoamua. Pima chasisi upya. Ikiwa imenyooka, ubovu uko nyuma. Ikiwa bado imelala vilevile au zaidi, ubovu uko mbele. Ikinyooka nusu, mbele na nyuma kote kunahusika, jambo la kawaida kwa gari lililobeba mizigo miaka mingi. Hapo anza na nyuma, kisha upime tena kabla ya kugusa mbele.

Nyuma: springi za majani

Anza kwa macho na tochi. Jani lililovunjika mara nyingi hujificha chini ya klipu au karibu na senta boliti, na ufa wake huonyesha kutu mpya ya rangi ya chungwa. Safisha kwa brashi ya waya kwanza, kwa sababu matope yanaficha mengi.

Kupima kama springi imelegea, vuta kamba kutoka katikati ya jicho la mbele (tundu la mwisho wa jani kuu) hadi katikati ya jicho la nyuma, kisha pima kutoka kwenye kamba hadi jani kuu pale kwenye senta boliti. Fanya kila upande gari likiwa juu ya magurudumu yake. Ule wenye mpindo mdogo umechoka, na kwa kawaida ni upande wa tangi au ule unaozoea kubebeshwa zaidi.

Shakeli, kiungo kinachounganisha jicho la springi na chasisi, nayo ina ushahidi wake. Inatakiwa iwe imeinama ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobanwa. Ikisimama wima kabisa, au bushi (raba za ndani ya majicho) zikiwa zimeliwa kiasi kwamba chuma kinagusa chuma, springi inakwama na upande huo haushuki kama mwenzake. Bushi zilizokufa upande mmoja pekee zinaweza kuleta tofauti ya milimita kadhaa.

Kuna kosa moja la ufungaji linalosababisha kulala kuliko watu wanavyodhani. Bushi ya raba imeshikana na bomba lake la ndani na haizunguki, bali inajisokota. Boliti za jicho na shakeli zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye stendi, raba inakamatwa katika mkao huo. Gari likishushwa, kila bushi inageuka springi ndogo inayolisukuma juu. Upande mmoja ukikazwa hewani na mwingine chini, gari linalala upande. Baada ya muda raba zinachanika na gari linashuka ghafla. Dawa haina gharama: legeza boliti zote za majicho na shakeli gari likiwa chini, lisukume na kulibonyeza, kisha kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fanya hivi kabla ya kununua chochote.

Springi ikiwa imechoka kweli, una njia tatu. Kununua jozi mpya ndiyo njia safi. Kuongeza jani kunafaa pale majani ya zamani ni mazima na mzigo umeongezeka, lakini ongeza pande zote mbili, na jani jipya liwe na mpindo unaolingana na yale yaliyopo. Jani gumu sana lililonyooka halipandishi gari, linaligeuza mkokoteni tu. Kukunja springi upya kwa nyundo ni njia ya kuvuka wiki: bila kupitia moto na kupozwa kwa utaratibu, chuma kinarudi kilikokuwa. Usibadilishe springi ya upande mmoja peke yake isipokuwa mwenzake ni mpya.

Yuboliti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, usizirudie. Zimeshavutika, na nyuzi zake hazitashika nguvu ile ile. Hakikisha kichwa cha senta boliti kimeingia kwenye tundu la kiti cha ekseli, kaza nati 4 kimshazari kwa awamu, na umalize kwa spana ya kupima nguvu. Rudia kukaza baada ya kilomita 100, na tena karibu na 1,000. Yuboliti iliyolegea ndiyo inayokata senta boliti, na baada ya hapo ekseli inahama.

Mbele: springi za koili

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni, kama Toyota Hilux kuanzia kizazi cha 2005, zina springi ya koili iliyovaa juu ya shokomzoba. Kabla ya kuilaumu springi, tafuta alama. Magari kadhaa hutumia springi za urefu tofauti kushoto na kulia kwa sababu ya uzito wa dereva na injini, na hutambulishwa kwa doa la rangi au namba kwenye koili. Zikifungwa kinyume, ile ndefu inakaa upande usiohitaji na kulala kunaongezeka badala ya kuisha. Gari lililoanza kulala mara tu baada ya kubadilishiwa springi, mshukiwa wa kwanza ni huyu. Wa pili ni ncha ya koili ambayo haikukaa kwenye ngazi ya kiti chake.

Alama zikiwa zimefutika, hamisha springi: ya kushoto iende kulia. Kulala kukihama nako, springi ndiyo mbovu. Kukibaki palepale, tazama viti vya springi, bushi za amu ya chini (mkono unaoshikilia gurudumu) zilizokazwa gari likiwa hewani, na amu iliyopinda.

Kazi hii ina hatari ya kweli. Springi ya pikapu iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mifupa. Tumia vibanio viwili vizima vilivyowekwa mkabala, vizungushe kwa zamu kwa spana ya mkono, na usisimame kwenye mstari wa springi. Nati ya juu ya shokomzoba haifunguliwi mpaka koili izunguke huru kwenye viti vyake.

Tofauti ikibaki ya milimita 10 hadi 20 na springi ni nzima, weka pete ya kusawazishia kati ya springi na kiti chake cha juu, upande ulioshuka. Kumbuka nyenzo: shokomzoba imefungwa karibu nusu ya urefu wa amu ya chini, kwa hiyo pete ya milimita 5 inapandisha gari takriban milimita 10 kwenye gurudumu. Anayeweka pete ya 20 kwa sababu gari limeshuka 20 atalala upande wa pili.

Shokomzoba zenyewe karibu hazibebi uzito. Ile ya gesi inasukuma kidogo, ile ya mafuta haisukumi kabisa. Kununua shokomzoba mpya ili kuondoa kulala ni pesa iliyopotea, isipokuwa moja imekwama au imepinda.

Mbele: tosheni baa

Pikapu za zamani zaidi zenye tosheni baa (fimbo ya chuma inayosokotwa, badala ya koili) zina raha moja: kimo kinarekebishwa kwa boliti. Raha hiyo ndiyo inayoharibu nyingi. Kwanza, kukaza boliti hakuifanyi baa kuwa ngumu zaidi. Gari linahisi gumu kwa sababu amu ya juu imekaribia stopa yake (kizuizi cha mwisho wa mwendo) na gurudumu halina tena pa kushukia. Acha angalau milimita 25 kati ya amu na stopa ya kushuka gari likiwa limesimama. Pili, baa ya kushoto na ya kulia haziingiliani. Zimezoeshwa kusokotwa upande mmoja kiwandani na zina alama kwenye ncha, na ikifungwa kinyume inachoka au kukatika.

Ili kurekebisha, safisha nyuzi za boliti na uzipake grisi, hesabu nyuzi zinazoonekana, na uandike. Inua mbele ya gari kwa chasisi hadi magurudumu yaning'inie, uiweke kwenye stendi, kwani kuzungusha boliti yenye mzigo wote ndiko kunakong'oa nyuzi. Zungusha mara 2, shusha, sukuma gari, libonyeze, pima. Hapo utajua mzunguko mmoja unaleta milimita ngapi kwenye gari lako.

Kona moja haipandi peke yake. Ukipandisha mbele kulia, nyuma kulia nako kunapanda kidogo na nyuma kushoto kunashuka. Kwa tofauti ya milimita 20, ni bora upandishe upande ulioshuka kwa nusu na kuteremsha wa pili kwa nusu, kama kimo cha wastani kinakuridhisha. Boliti ikiisha kabla kimo hakijatosha, usilazimishe. Baa imechoka, au mkono wake unatakiwa kuvutwa na kurudishwa jino moja mbele.

Kupandisha pua

Kwa gari lisilolala, linalotakiwa tu kukaa sawa mbele na nyuma, mpaka wa busara ni milimita 40 hadi 50 mbele kama amu za juu ni za kiwandani. Ukizidi hapo, jointi za ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali na kifuniko cha raba kinachanika, boljointi (kiungo cha mpira kati ya amu na gurudumu) inafika mwisho wake, na fundi wa alaimenti (upangaji wa pembe za magurudumu) hana tena nafasi ya kurekebisha.

Spesa ya juu ya shokomzoba ni rahisi na huachi springi yako. Ubaya wake ni kwamba inasukuma shokomzoba nzima chini: gurudumu likishuka boljointi inavutwa kupita kiasi, na likipanda shokomzoba inaweza kugonga mwisho wake kabla ya stopa ya raba kufanya kazi. Spesa ya 20 inatoa karibu 40, ishia hapo. Springi ndefu kidogo iliyochaguliwa kwa uzito halisi wa mbele ni bora. Bampa ya chuma na wenchi pamoja vinaweza kuzidi kilo 80, na springi ya kawaida itashuka chini ya uzito huo hata ikiwa mpya.

Nyuma ikihitaji kupanda, kipande cha chuma kati ya ekseli na springi kinakubalika kikiwa kimoja na kikiwa na kichwa cha kuingia kwenye tundu la senta boliti. Viwili kubebana havikubaliki kabisa. Mifuko ya upepo inasaidia gari linalobeba leo na kesho likawa tupu, ila kila mfuko uwe na bomba lake: ukiunganisha yote kwa njia moja, kwenye kona upepo unakimbilia mfuko wa upande wa pili na gari linalala zaidi. Usiache mfuko bila upepo kabisa, kwani utajikunja na kutoboka, weka angalau psi 5. Wala mfuko hauongezi uzito unaoruhusiwa, namba ya kwenye kibati cha gari inabaki ileile.

Kabla gari halijatoka

Alaimenti ni lazima, hata kama usukani unahisi sawa. Kemba, kasta na too, yaani pembe za magurudumu ya mbele, vyote vinabadilika mbele ikipanda au kushuka.

Tafuta valvu ya breki inayopima mzigo, yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Pikapu nyingi zinayo. Ukipandisha nyuma bila kuirekebisha, valvu inadhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umepakia. Rekebisha fimbo au kibano chake kwa kiasi ulichopandisha, kwa kufuata kipimo cha kitabu.

Geuza usukani mwisho hadi mwisho gurudumu likiwa limening'inia na uangalie mabomba ya breki na nyaya za ABS, hakuna kinachotakiwa kukaza. Nyuma, tazama bomba la kupumulia difu na kebo za breki ya mkono. Propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) ikianza kutikisika gari linapoondoka, pembe ya difu imebadilika na inahitaji kabari nyembamba chini ya springi.

Mwisho ni taa. Pua ikipanda milimita 50 kwenye gari lenye mita 3 kati ya ekseli, mwanga unainuka karibu sentimita 42 ukifika mita 25 mbele, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Zishushe kwa skrubu zake usiku uleule.